Basi la matembezi litangulie magari Mlima Elgon

ANAYETAKA kuzuru Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Elgon akitokea Kitale, na hana gari lake mwenyewe, huianza safari kwa wepesi na kuimaliza kwa taabu. Kituoni mjini Kitale matatu za Endebess hazikosekani. Hujaa, huondoka, na kwa kuwa barabara sasa ni ya lami, abiria hujikuta Endebess kabla hajafikia ukurasa wa michezo wa gazeti lake. Taabu huanzia hapo. Lango la Chorlim liko mbele zaidi, upande wa mlimani, na hakuna gari la abiria linalokwenda huko kwa saa zinazojulikana.

"Mzee, sisi tunaishia hapa. Huko mbele ni boda," utingo mmoja alimweleza mwandishi huyu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulijibu swali hilo mara nyingi.

Boda boda nayo humfikisha mgeni langoni tu. Pikipiki, kama ilivyo kanuni katika mbuga nyingi zinazosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori nchini (KWS), haiingii ndani. Kutoka langoni hadi Pango la Kitum, ambalo ndilo wengi hulifuata, ni mwendo wa kilomita kadhaa katika msitu wenye tembo na nyati, na anayetembea kwa miguu hana budi kusindikizwa na askari wa mbuga mwenye bunduki. Wapo wanaofanya hivyo na kufurahi. Lakini mama mwenye watoto wawili, au mwalimu mwenye wanafunzi 30, hawezi.

Hiyo ndiyo sababu wakazi wengi wa Kwanza, Endebess na Kitale wameuona mlima huu maisha yao yote bila kukanyaga ndani ya mbuga yake. Mlima uko dirishani mwao. Mawingu yake ndiyo yanayowaletea mvua ya mahindi, na mito yake ndiyo inayowapa maji. Hata hivyo, kuingia kwake kumekuwa jambo la mwenye gari, na hasa gari lenye nguvu ya magurudumu manne, kwani mvua zikinyesha barabara za ndani huteleza kama sabuni.

Suala la usafiri wa kwenda katika maeneo ya maumbile limekuwa likijadiliwa kwingi duniani, ila mjadala huo huanzia upande ulio kinyume na wetu. Wenzetu wanalia kuwa magari yamezidi. Wanatafuta mabasi ili kuyapunguza. Sisi wa magharibi mwa Bonde la Ufa bado hatujazidiwa na magari, na pengine kwa sababu hiyo viongozi hawaoni haraka yoyote. Rai ya makala haya ni kwamba haraka ipo, na kwamba huu ndio wakati nafuu zaidi wa kuanzisha basi la matembezi: kabla msururu wa magari haujafika.

Dalili zimeanza kuonekana. Barabara ya Kitale–Endebess–Suam, yenye urefu wa kilomita 45 hivi, imejengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika (AfDB), katika mradi mmoja na ile ya Suam hadi Kapchorwa upande wa Uganda, ya kilomita 73. Barabara hizo mbili zinauzunguka mlima upande wa kaskazini. Zamani dereva aliyetaka kutoka Kitale hadi maporomoko ya Sipi kwa njia hii alihitaji moyo mgumu na springi za akiba. Sasa njia ni laini. Barabara haichagui anayeipita: itawaleta wafanyabiashara wa mahindi, itawaleta watalii, na itawaleta watu wa Eldoret wanaotaka kupunga hewa Jumapili na kurejea kabla ya giza, kila mmoja na gari lake.

Yaliyowapata waliochelewa

Hatuhitaji kwenda mbali kuona matokeo ya kuchelewa. Katika Maasai Mara kanuni inasema magari yasizidi matano mbele ya mnyama mmoja kwa wakati mmoja. Aliyewahi kufika kwenye Mto Mara msimu wa nyumbu kuvuka, kati ya Julai na Septemba, anajua jinsi kanuni hiyo inavyovunjwa mchana kweupe. Magari hujipanga ukingoni kama yaliyo kwenye kituo cha mafuta siku ya uhaba. Nyumbu hufika, huona ukuta wa mabati, na hurudi nyuma. Serikali ya Kaunti ya Narok ililazimika kuandaa mpango wa usimamizi wa mwaka 2023 hadi 2032 ambao, pamoja na mengine, unakusudia kudhibiti msongamano huo. Ni kazi ngumu, kwa sababu kila gari linalotakiwa kupunguzwa lina mwenyewe, lina dereva anayelitegemea, na lina hoteli iliyokwisha kumwahidi mgeni wake kwamba ataona.

Hata jijini Nairobi hali si tofauti. Septemba 28, 2024, wananchi waliporuhusiwa kuingia bila malipo katika mbuga za KWS kuadhimisha Siku ya Utalii Duniani, umati ulifurika katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi na magari yakajazana barabarani. Wapo waliocheka mitandaoni. Mwandishi huyu aliona jambo jingine: Wakenya wanazipenda mbuga zao kuliko wanavyodhaniwa, ila kinachowazuia siku nyingine ni gharama ya kufika na kuingia.

Na si kwamba KWS haijawahi kulifikiria hilo. Katika miaka ya 2000 shirika hilo liliendesha basi la mwishoni mwa wiki lililowachukua watu katikati ya jiji, karibu na Development House, na kuwazungusha katika mbuga ya Nairobi. Aliyekuwa karani, mwanafunzi au mgeni kutoka mashambani aliweza kumwona kifaru kwa nauli na kiingilio, bila kukodi gari zima. Wazo hilo halikuvuka mipaka ya jiji kama ilivyostahili.

Nje ya nchi, mfano unaotajwa mara nyingi ni mbuga ya Zion katika jimbo la Utah nchini Marekani. Kufikia miaka ya 1990 bonde lake jembamba lilikuwa likipokea maelfu ya magari kwa siku ilhali nafasi za kuegesha hazikufika 500. Watu walikuwa wakizozana juu ya nafasi badala ya kutazama majabali. Mwaka wa 2000 wasimamizi waliamua: katika miezi ya wageni wengi, gari la binafsi haliingii barabara ya bondeni, kila mtu apande basi la mbuga, ambalo hupita mara kwa mara na kusimama kwenye kila njia ya miguu. Wenye maduka katika mji wa Springdale ulio langoni walihofia kupoteza wateja. Ilikuwa kinyume, kwani basi jingine lilipitishwa mjini mwao na wageni wakawa na sababu ya kuacha magari na kutembea madukani.

Lakini mfano unaotufaa zaidi ni wa Denali, huko Alaska. Mwaka wa 1972 barabara kuu mpya kutoka miji mikubwa ya jimbo hilo ilikuwa inakaribia kufunguliwa, na wasimamizi wa mbuga wakajua kwamba magari yatamiminika. Hawakungoja. Waliamua mwaka huohuo kwamba kupita takriban kilomita 24 za mwanzo, wageni wengi wataendelea kwa basi. Hadi leo utaratibu huo ungalipo, na wanyama huonekana karibu na barabara kwa sababu barabara yenyewe haijawa soko. Barabara mpya ilikuja pamoja na basi, si basi kuja miaka 30 baada ya barabara. Kufanana kwa jambo hilo na lami ya Suam hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Hata hivyo mtu asiseme kwamba mambo haya hufanikiwa kila mahali. Uingereza kuna mabasi ya Jumapili na sikukuu, yaitwayo DalesBus, yanayowatoa watu wa miji kama Leeds na Bradford na kuwapeleka katika milima ya Yorkshire. Yanaendeshwa kwa mpango usiolenga faida, kwa msaada wa watu wanaojitolea na ruzuku za hapa na pale. Watu huyapenda, lakini mwaka ukiisha huwa hakuna ajuaye hakika ni njia zipi zitakazobaki mwaka unaofuata, kwa kuwa basi la matembezi si basi la kwenda kazini. Mvua ikinyesha Jumapili, viti ni vitupu, na dereva anadai mshahara uleule. Yeyote anayetaka kulileta jambo hili Trans Nzoia ajue hilo tangu mapema.

Somo la Saiwa

Kuna mahali katika kaunti hii hii ambapo gari lilikwisha kukatazwa miaka 50 iliyopita, na hakuna aliyelalamika. Mbuga ya Kitaifa ya Saiwa Swamp, iliyoko kaskazini mwa Kitale karibu na Kipsaina, ilitangazwa mwaka wa 1974 ili kumlinda nzohe, yule swala wa majini ambaye wengi humwita sitatunga. Ndiyo mbuga ndogo zaidi ya kitaifa nchini, ikiwa na ukubwa wa kilomita za mraba tatu hivi. Hakuna barabara ya gari ndani yake. Mgeni huegesha langoni, akatembea kwenye vijia na madaraja ya mbao juu ya kinamasi, akapanda jukwaa la mbao na kungoja. Nzohe hutokea asubuhi na mapema au jioni, akiibua kichwa katikati ya matete. Juu mitini wamo kima wa De Brazza wenye ndevu nyeupe, ambao si rahisi kuwaona kwingine nchini.

Anayetembea Saiwa hufahamu kwa nini gari halina nafasi. Nzohe huishi kwa kujificha. Ngurumo moja ya injini, naye huzama majini hadi puani. Utulivu ndio mali ya mbuga hiyo, na mgeni hulipia utulivu huo.

Ila Saiwa pia ni mfano wa kazi iliyofanywa nusu. Mbuga iliwakataza wenye magari kuingia nayo ndani, lakini haikumpa asiye na gari njia ya kufika. Matatu za Kitale kwenda Kapenguria humshusha abiria kwenye makutano, na kutoka hapo hadi langoni ni mwendo wa kilomita tano hivi, kwa miguu au kwa boda boda. Kwa kuwa nzohe huonekana alfajiri na jioni, saa ambazo matatu ni chache au zimejaa, mgeni asiye na gari hufika mchana, hamwoni mnyama aliyemfuata, na huondoka akiamini kwamba hakuna kitu. Ukitazama ramani utaona jambo jepesi kabisa: basi moja lililoondoka Kitale saa kumi na moja alfajiri lingeweza kuwafikisha watu Saiwa kukiwa na umande, kisha likarudi na kuwapeleka wengine Chorlim kufikia saa nne asubuhi, na kuwakusanya wote kabla ya magharibi.

Baina ya safari hizo mbili lipo Jumba la Makumbusho la Kitale, lililofunguliwa mwaka wa 1974 pia, ambalo lina msitu wake wa asili na njia ya matembezi. Wanafunzi wamekuwa wakifika hapo kwa miaka mingi. Kwa nini safari yao iishie hapo, mlima ukiwa mbele ya macho?

Pango, tembo na popo

Mlima Elgon una sababu zake za kutaka wageni waje kwa makundi yanayojulikana badala ya gari moja moja. Tembo wa mlima huu wana tabia iliyoushangaza ulimwengu: huingia usiku katika mapango kama Kitum, Makingeny na Ngwarisha, wakapapasa njia gizani kwa mikonga, na kukwangua kuta kwa pembe ili wapate chumvi. Udongo wa mlimani, kwa mvua nyingi, umepungukiwa madini hayo. Inaaminika kuwa mapango hayo yamepanuliwa na pembe za tembo kwa vizazi na vizazi. Wanyama wanaotegemea njia moja finyu kuingia pangoni hawawezi kuvumilia magari yaliyoegeshwa ovyo mdomoni mwa njia hiyo wakati wa jioni. Basi linaloondoka kwa saa maalumu huwaacha tembo na usiku wao.

Lipo pia suala la afya. Mwaka wa 1980 mfanyakazi mmoja wa kigeni aliyekuwa katika kiwanda cha sukari magharibi mwa Kenya aliaga dunia kwa ugonjwa wa virusi vya Marburg, na mwaka wa 1987 mvulana kutoka Denmark akafa kwa ugonjwa huohuo. Wote wawili walikuwa wamezuru Kitum. Popo wa mapangoni ndio wanaotambuliwa sasa kuwa makazi ya virusi hivyo. Hili si jambo la kuwatia watu hofu, kwani maelfu wameingia pangoni na kutoka salama. Ni jambo la kueleza kwamba pango hutembelewa kwa kuongozwa: mahali pa kusimama, mahali pa kutogusa, muda wa kukaa ndani. Kiongozi mmoja anaweza kuyaeleza haya kwa watu 30 walioshuka basi moja. Hawezi kuyaeleza kwa magari kumi yaliyofika kwa nyakati kumi tofauti, kila dereva akijiona mwenyeji.

Hesabu ya magari yenyewe ni rahisi. Watu 40 wakija wanne wanne ni magari kumi. Wakija kwa basi ni gari moja. Barabara za ndani ya mbuga ni za udongo na changarawe; kila gurudumu linalopita baada ya mvua huacha mtaro, mtaro huwa kijito, na kijito huchukua udongo hadi mtoni. Wakulima walio chini ndio wanaokunywa maji hayo.

Nani aendeshe?

Hapa ndipo maneno huisha na shida huanza. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti mamlaka juu ya usafiri wa umma wa barabarani katika kaunti na juu ya utalii wa mashinani. Mbuga zenyewe ziko chini ya KWS, ambayo ni ya serikali kuu. Kwa hiyo basi likitoka Kitale hadi lango la Chorlim liko mikononi mwa kaunti, na likivuka lango tu liko mikononi mwa KWS. Bila makubaliano baina yao, basi litasimama langoni kama inavyosimama boda boda leo.

Makubaliano hayo yanahitaji jambo moja la pesa. KWS hutoza mtu kiingilio na hutoza gari ada yake kando, kulingana na idadi ya viti. Kwa utaratibu huo basi kubwa huonekana ni chanzo cha mapato, ilhali kwa kweli ndilo linaloiokoa barabara. Ada ya basi la umma lenye ratiba ingeondolewa au ipunguzwe hadi iwe ndogo kuliko ya gari la binafsi. KWS haitapoteza; itapata viingilio vya watu ambao leo hawaji kabisa.

Kuhusu mwenye basi, njia ni tatu na kila moja ina miiba yake. Kaunti ikinunua basi lake, tunajua litakavyokuwa: mwaka wa kwanza litapakwa rangi na kupigwa picha, mwaka wa tatu litakuwa limeegeshwa kwenye yadi likingoja magurudumu. Msomaji aniwie radhi kwa kusema hivyo, lakini yadi za serikali humu nchini zinajisimulia zenyewe.

Njia ya pili ni vyama vya matatu. Hivi vina magari, vina madereva wanaoijua njia, na vina leseni. Kanuni za magari ya abiria za mwaka 2014, zilizotolewa chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani (NTSA), zilitaka wenye magari wajiunge katika vyama au kampuni zenye magari yasiyopungua 30, kwa hiyo mtu binafsi mwenye gari moja hawezi kuanzisha huduma hii peke yake. Chama kinaweza. Kinachokizuia ni kwamba matatu hulipwa na abiria wanaoshuka na kupanda njiani. Basi linalongoja watu mbugani kwa saa tano halimpatii mwenye gari chochote katika saa hizo. Lazima basi nauli ya matembezi iwe juu kuliko ya kawaida, au kaunti ilipie saa za kungoja. Hilo la pili ni nafuu kuliko kununua basi, na linaweza kusimamishwa likishindwa bila kuacha mabati yardini.

Njia ya tatu ni mabasi ya shule, na ndiyo inayonivutia. Hesabu mabasi ya rangi ya manjano unayokutana nayo kati ya Kitale na Kiminini siku moja ya wiki, kisha ujiulize yanafanya nini Agosti na Desemba. Yamelala. Shule zinalipia bima na zinalipia madereva, huku zikilia hazina pesa. Sheria hairuhusu mabasi hayo kubeba abiria wa kulipa kama matatu, wala kusafiri usiku, na ni vyema iwe hivyo. Lakini safari za elimu za mchana, zilizopangwa na shule kadhaa kwa pamoja ili basi moja lisiende nusu tupu, haziko nje ya sheria. Shule ya Kwanza iliyo na basi inaweza kumbeba mtoto wa shule jirani isiyo nalo. Huo nao ni usafiri wa matembezi, hata kama haukupewa jina hilo.

Wapo watakaopinga. Madereva wa magari ya watalii mjini Kitale ni wachache na wanajikimu kwa kukodisha. Wataona basi linawanyang'anya kitumbua. Wanajamii wa boda boda wa Endebess nao vivyo hivyo. Hoja yao isipuuzwe. Ila anayekodi gari zima la magurudumu manne kwenda karibu na kilele cha Koitoboss hatapanda basi, na atakayepanda basi hakuwa mteja wao tangu mwanzo. Kwa boda boda, basi linaweza kuishia Chorlim siku za kawaida na kuwaachia wao njia nyingine, ikiwemo ile ya kutoka barabara kuu hadi Saiwa. Jambo hilo lizungumzwe nao kabla ya basi la kwanza kuondoka, wasije wakalisikia redioni.

Upande wa Bungoma

Mtu wa Bungoma atauliza: na sisi je? Mlima ni mmoja, lakini mbuga ya kitaifa, yenye kilomita za mraba 169 na iliyotangazwa mwaka wa 1968, iko Trans Nzoia. Upande wa Bungoma upo uwanda wa juu wa Chepkitale, ambao serikali iliutangaza kuwa hifadhi mwaka wa 2000. Ogiek wanaoishi huko waliupinga uamuzi huo kwa miaka mingi, na Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Bungoma iliamua kwa upande wao. Hivyo basi lolote la Chwele au Kapsokwony kwenda Chepkitale haliwezi kupangwa ofisini Bungoma kisha likapelekwa kwa wenyeji kama taarifa. Wao ndio watakaosema kama wanataka wageni, wangapi, na siku gani. Pengine watasema hapana. Itakuwa ni haki yao.

Bungoma isikae bure ikingoja hilo. Maporomoko ya Nabuyole katika Mto Nzoia na Ngome ya Chetambe, yote karibu na Webuye, hayahitaji basi kubwa wala kibali cha KWS. Yanahitaji kibao njiani, choo, na matatu inayojulikana kwamba Jumapili itapita saa nane na kurudi saa kumi na moja.

Ikumbukwe pia kwamba mlima huu una majeraha. Kati ya 2006 na 2008 wapiganaji wa SLDF, na baadaye operesheni ya wanajeshi iliyoanza Machi 2008, walisababisha mauaji na mateso ambayo familia nyingi za Mlima Elgon hazijayasahau. Watalii walitoweka na hawajarudi kwa wingi. Kwa vijana waliozaliwa wakati huo, msitu ulikuwa mahali pa kukimbilia au pa kukimbiwa. Kuingia humo kwa basi, mchana, pamoja na wenzao wa Kwanza na Kimilili, wakiongozwa na mtu anayewaonyesha ndege badala ya kuwauliza kitambulisho, si burudani ndogo kwao.

Msimu wa kuanzia unajulikana. Mvua za huku huanza Machi au Aprili na huendelea hadi Septemba, na katika miezi hiyo hakuna basi la kawaida litakalopanda njia za ndani ya mbuga bila kunasa. Mahindi huvunwa kuanzia Oktoba. Kufikia Desemba mvua imekatika, wanafunzi wako nyumbani, wana wa nchi walioko Nairobi wamerejea kwa Krismasi, na mkulima aliyeuza magunia machache ana shilingi mfukoni. Desemba, Januari na Februari zingetosha kwa majaribio: safari mbili kila Jumamosi na Jumapili, Saiwa alfajiri na Chorlim asubuhi, kwa magari ya chama kimoja cha matatu, kaunti ikilipia saa za kungoja na KWS ikisamehe ada ya gari.

Katika kipindi hicho makarani wa malango ya Saiwa na Chorlim wangeongeza swali moja tu kwa kila anayelipa kiingilio: umetoka wapi, na umefika kwa nini? Kufikia Machi, mvua zinaporejea, majibu yangekuwa mezani kwa yeyote anayetaka kujua kama viti vilijaa.